Baridi kwa Wote

Lacey Crossing, Georgia
Jumamosi, 3 Juni 2017

Leo nimetimiza miaka arobaini na tisa tangu niondoke Wete. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, na sababu za kuondoka zimo katika madaftari mengine. Kila tarehe tatu Juni huandika kurasa mbili za majonzi, nikafunga daftari, nikala chakula cha mchana. Mwaka huu nimenunua mashine ya soda.

Sikukusudia. Nilikwenda kwa Bi Ozella Tinsley kutafuta ngazi. Ana miaka themanini na minane, na anauza kila kilichomo katika banda nyuma ya kilichokuwa kituo cha mafuta cha marehemu mumewe, Hosea. Ngazi ilikuwa imeoza. Nyuma yake, chini ya turubai, ilisimama mashine ya mwaka 1956, ndefu kama mimi, nyekundu iliyopauka ikawa kama tofali. Kushoto ina mlango mwembamba wa kioo. Chupa zilikuwa zikilazwa humo moja juu ya nyingine, shingo nje. Unatia senti kumi, unafungua, unavuta chupa kwa shingo, na makucha ya chuma yanaiachia. Ukijaribu kuvuta ya pili, yanaikatalia.

"Inafanya kazi?" nilimwuliza.

"Mista Sham, mimi mwenyewe sifanyi kazi."

Jina langu ni Shaame. Hapa nimekuwa Sham tangu siku ya kwanza, na nimezoea.

"Umewahi kutengeneza kitu gani?" akauliza yeye.

"Vitabu. Miaka thelathini na moja kwenye maktaba ya chuo, nikishona migongo iliyofumuka."

"Basi hiki ni kitabu kizito. Kisikuangukie mguuni."

Alitaja bei ndogo, kisha sharti. Jumapili ya pili ya Agosti ni Jumapili ya Kurudi katika kanisa la New Bethel, siku ambayo watoto wa kanisa waliotawanyika Detroit, Chicago na kwingineko hurudi kusali na kula pamoja. Jumanne inayofuata, mwanawe Delmar anakuja kumchukua akakae naye Houston, moja kwa moja. Anataka Jumapili hiyo avute chupa moja ya baridi kutoka mashine hii, kwa mkono wake.

"Nikishafika kule nitakunywa watakachonipa," alisema. "Lakini hiyo moja niivute mwenyewe."

Nikampa neno langu. Ana siku sabini na moja, nami pia.

Jumapili, 4 Juni

Vernell ameiona. Ni dada wa marehemu mke wangu Odessa, anakaa ng'ambo ya barabara, na hakuna kinachoingia uwanjani kwangu bila yeye kukipitisha. Alivuka na kikombe chake cha kahawa, akaizunguka mashine mara mbili kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

"Shemeji, jokofu lako limeharibika?"

"La."

"Sasa hili jeneza la nini?"

Nilimweleza.

"Dada yangu alikukataza kununua hata mashine ya kukatia majani."

"Dada yako hayupo."

"Ndiyo maana nasema mimi."

Kisha akaniletea brashi ya chuma ya marehemu baba yao. Vernell hutukana na kusaidia kwa pumzi moja.

Jumanne, 6 Juni

Kiota cha panya ndani ya kuta. Wenyewe wamehama zamani, nyumba wameniachia mimi.

Ijumaa, 9 Juni

Amekuja Lucius Pettway, fundi wa majokofu aliyestaafu. Ni mtu mrefu, mpole, anayesema taratibu kama anayetafuta kituo cha redio. Alipiga magoti nyuma ya mashine, akasikiliza kwa muda, ingawa hapakuwa na cha kusikiliza.

"Kompresa imekufa."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa na nywele."

Atatafuta mtambo mwingine wa baridi kutoka jokofu dogo la ofisini. Tumegawana kazi: yeye baridi, mimi sura. Nisiguse waya wowote. Alirudia hilo mara tatu, kwa adabu kubwa.

Jumamosi, 10 Juni

Mvua saa kumi.

Jumapili, 11 Juni

Mvua saa kumi.

Jumatatu, 12 Juni

Mvua saa kumi na robo. Nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi.

Alhamisi, 15 Juni

Parafujo moja, siku tatu. Nimeitia mafuta, nimeipasha moto, nimeipigapiga kwa nyundo ya mpira, nimeisemesha Kiswahili. Imetoka leo asubuhi yenyewe, kwa vidole, kana kwamba ilikuwa inangoja tu kuombwa vizuri. Nimeiweka kwenye bahasha na kuandika juu yake ilikotoka. Nina bahasha arobaini na tatu sasa. Ukutubi haumtoki mtu mwilini.

Jumanne, 20 Juni

Amepiga simu mdogo wangu Khatib kutoka Wete. Chumba anachonijengea kimekwisha kuezekwa. Nilimwambia mwaka jana kwamba nitarudi kabla ya msimu wa karafuu, nirudi kabisa, na yeye ni mtu anayeamini anachoambiwa.

"Kaka, dirisha tulitie upande wa kaskazini au wa barabarani?"

"Barabarani."

"Kuna kelele."

"Nataka kelele."

Akacheka. Akaniuliza ninafanya nini siku hizi, nikamwambia natengeneza mashine ya soda. Akaniuliza tena, akidhani simu inakatika.

Jumamosi, 24 Juni

Nimeanza msasa. Vernell yuko Atlanta kwa binti yake tangu wiki mbili, kwa hiyo nafanya kazi kwa amani. Mashine nimeisimamisha chini ya paa la gari, ubavu wa kulia ukiielekea barabara. Juu kuna nyekundu, chini yake vitone vyeupe vyeupe, chini yake nyekundu nyingine ya zamani, kisha chuma. Nataka chuma kitupu. Nimesoma kitabu kizima juu ya jambo hili: rangi mpya haikai vizuri juu ya rangi mbovu.

Watu wanapita na kusimama. Mchungaji alisimamisha gari. Mabinti wawili wa akina Gadsden, wenye miaka sitini na zaidi lakini hapa bado ni mabinti, walisimama na mbwa wao. Lucius alikaa saa nzima kwenye ndoo iliyopinduliwa, akinywa kahawa na kutazama mkono wangu ukienda na kurudi.

"Kazi safi, Mista Sham."

Wote walisema hivyo hivyo. Kazi safi. Nimefurahi leo kuliko nilivyofurahi tangu Odessa afariki.

Jumatatu, 26 Juni

Ubavu wa kulia umekwisha. Unang'aa kama sinia.

Jumatano, 28 Juni

Lazima niandike hili taratibu.

Vernell amerudi leo mchana. Alivuka barabara hata kabla ya kushusha mizigo, akiwa amebeba mfuko wa pichi kwa ajili yangu. Alifika mbele ya ubavu ule unaong'aa, akasimama. Mfuko aliuweka chini kwanza, vizuri, pichi zisipondeke.

"Maneno yako wapi?"

"Maneno gani?"

"Shemeji. Maneno ya ubavuni yako wapi?"

Sikujua kuna maneno. Mimi nililetwa na Odessa katika mji huu mwaka 1976, na kituo cha Tinsley kilikuwa kimefungwa mwaka mmoja kabla. Mashine ilikuwa bandani tayari. Vitone vile vyeupe nilivyovifuta kwa msasa, nikiwa napiga mluzi, vilikuwa herufi zilizofifia, na mtu alipaka nyekundu nyepesi juu yake baadaye. Kwa jua la pembeni bado zilisomeka. Kwa mtu aliyejua.

Zilisomeka BARIDI KWA WOTE.

Vernell aliketi kwenye ndoo ya Lucius akanisimulia, na kwa mara ya kwanza katika miaka arobaini hakunitania hata mara moja. Mwaka 1958, katika barabara hii yote kutoka mpaka wa Florida, mtu mweusi mwenye kiu aliuziwa soda kupitia dirisha la nyuma, ya moto, ikiwa mwenye duka ameamka vizuri. Hosea Tinsley alikuwa na kituo chake mwenyewe. Alipoinunua mashine hii hakuiweka ndani. Aliiweka nje, kando ya barabara, maneno yakiwatazama wapitao. Senti kumi, na mashine haikuuliza wewe ni nani.

"Mama alikuwa akituweka sita nyuma ya gari," alisema Vernell. "Tukilia kiu, anasema, vumilieni, mpaka kwa Hosea. Tulivumilia maili thelathini. Kila anayerudi Agosti huenda kwanza bandani kutazama yale maneno, Shemeji. Watu wazima wa Detroit. Wanapiga picha na watoto wao."

Nilimwuliza kwa nini hakuniambia siku ile ya kwanza.

"Nilijua unayajua. Nani hayajui?"

Pichi ziko mezani. Sijazigusa.

Alhamisi, 29 Juni

Nilikwenda kwa Lucius asubuhi, kabla ya chai.

"Ulikuwa unayajua maneno yale?"

"Nayajua."

"Ulikaa saa nzima ukinitazama nikiyafuta."

"Nilikaa."

"Ukasema kazi safi."

"Ilikuwa safi, Mista Sham. Hukuacha hata alama." Alitazama viatu vyake. "Nilidhani una mpango wako. Mashine yako, uwanja wako. Mama hakunilea niende uwanjani kwa mtu mzima nimwambie anakosea."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira na watu wote wa mji huu, mchungaji, mabinti wa Gadsden, mbwa. Miaka arobaini na moja nimeishi kati ya watu ambao watakuacha utembee na shati limefunguka mgongoni kwa sababu kukuambia ni kukuaibisha. Kisha, nikiwa napika chai, nilikumbuka Wete. Marehemu babu yangu alijenga ukuta ndani ya kiwanja cha jirani, hatua tatu, na jirani alimletea mafundi maji ya kunywa kila siku mpaka ukuta ukamalizika. Baada ya hapo wakanuniana miaka kumi na moja. Nimelelewa na watu hawa hawa. Mimi pekee ndiye niliyepaswa kujua kwamba mtu anaposimama akasema kazi safi na haondoki, ana neno.

Jumamosi, 1 Julai

Nimekwenda kwa Bi Ozella kukiri. Nilimkuta anamenya kunde barazani, bakuli mapajani. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kofia mkononi. Alimenya kunde tatu, nne.

"Yote?"

"Yote, Bi Ozella."

Kunde nyingine mbili.

"Hosea hakujua kuandika," alisema. "Alijua hesabu, na alijua gari linaumwa wapi kwa kulisikiliza. Maneno yale niliyaandika mimi, kwa brashi ya kupakia dirisha."

"Lakini watu wote wanasema ni mkono wa Hosea."

"Kwa sababu Hosea aliwaambia hivyo. Nikamwachia. Mwanamume lazima awe na kitu."

Nilimwuliza kama anaweza kuyaandika tena. Akainua mkono wa kulia mbele ya uso wangu nione unavyotetemeka, kama jani lililoguswa na upepo mdogo.

"Mkono huu haufikishi kijiko mdomoni bila kumwaga. Ipake rangi yako kwanza. Tutaona."

Aliponisindikiza hadi ngazini aliongeza, "Na umekuja kuniambia mwenyewe. Hapa wangeniachia niione Agosti, mbele ya watu."

Jumanne, 4 Julai

Fataki mjini, sikukuu ya uhuru wa Marekani. Mbwa wa akina Gadsden yuko chini ya gari langu na hataki kutoka.

Jumamosi, 8 Julai

Nimepaka nyekundu. Kwa robo saa ilikuwa nzuri hata sikutaka kupepesa macho. Kisha unyevu ukaja, joto lile la hapa linalokaa juu yako kama blanketi la maji, na rangi yote ikafanya ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mvua saa kumi, bila shaka.

"Imekuwa ya waridi," alisema Vernell. "Hosea angeipenda kwenye sherehe ya mtoto."

Jumapili, 9 Julai

Msasa.

Jumatatu, 10 Julai

Msasa. Lucius alikuja, akakaa kwenye ndoo, akatazama kwa dakika tano, kisha akasimama. Niliona shingo yake ikijaa kwa juhudi.

"Mista Sham, kona ile ya juu hujaifikia."

Niliweka msasa chini nikampa mkono. Yeye mwenyewe alikuwa anatoka jasho.

Jumatano, 12 Julai

Mvua siku nzima. Nimesoma.

Jumanne, 18 Julai

Redio ilisema hewa itakuwa kavu mpaka adhuhuri. Nilianza mara tu baada ya swala ya alfajiri, tabaka nyembamba, moja baada ya nyingine, feni ya Vernell ikipuliza kwa mbali. Saa nne rangi ilikuwa imeshika. Saa sita niliigusa kwa kidole kidogo na kidole kilirudi kisafi. Mvua ilikuja saa kumi, ikanikuta nimeketi barazani nikiitazama mvua na kuitazama mashine, bila chuki kwa yeyote.

Jumamosi, 22 Julai

Inapoza. Lucius ameunganisha mtambo wake, tukachomeka, ikaguna, ikatulia, ikaanza kuunguruma kwa sauti ya chini kama paka. Baada ya saa tatu kulikuwa na umande kwenye kioo. Tulitia chupa mbili, Lucius akatia senti zake, akavuta. Chupa haikutoka. Akavuta kwa mikono miwili. Chupa za siku hizi ni nene zaidi kiunoni kuliko za mwaka 1956, na makucha yanazibana.

Vernell aliitoa moja kwa kijiko, akamimina njugu za chumvi ndani ya shingo, kama wanavyofanya hapa, akanywa na kutafuna pamoja. Miaka kumi ya kwanza niliona ni wazimu. Sasa nami nilinyoosha kiganja nipewe njugu zangu.

Jumanne, 25 Julai

Khatib tena. Dirisha limewekwa, upande wa barabarani. Anataka tarehe. Nikasema baada ya Agosti tutazungumza. "Kaka, hiyo soda bado?" akauliza. Bado.

Alhamisi, 27 Julai

Nimeliona jibu la chupa ndani ya sanduku langu la maktaba. Makucha yalifungwa kwa vipande vya chuma vinavyoyasukuma ndani. Nimevitoa nikaweka badala yake ngozi nyembamba ya kujalidia vitabu, inayonywea inapobanwa. Nimevuta chupa ishirini, moja moja, na ya pili kila mara inakatalia kama inavyotakiwa. Lucius ameikagua kazi yangu kwa tochi.

"Nimefanya majokofu miaka arobaini," alisema, "na sijawahi kuona lenye jalada."

Jumamosi, 5 Agosti

Bi Ozella ameletwa na mpwa wake. Nimempa kiti, kopo la rangi nyeupe, na brashi. Alikataa penseli. Alikataa rula. Alikataa pia kusaidiwa, mpaka herufi ya kwanza ilipokwenda kushoto zaidi ya alivyotaka, ndipo Vernell akasogea bila kuulizwa akamshika kiwiko kwa chini, kwa vidole viwili tu, jinsi unavyoshika kikombe cha mtu mwingine.

Ilichukua asubuhi nzima kwa maneno mawili. Mbele ya geti watu walisimama, mabinti wa Gadsden, mchungaji, na hakuna aliyesema kazi safi.

Jumapili, 6 Agosti

Amemaliza baada ya ibada. Mstari unateremka kidogo mwishoni, na neno la mwisho ni kubwa kuliko mengine mawili, kubwa sana. Nilimwuliza kama zamani pia lilikuwa hivyo.

"Zamani lilikuwa dogo," alisema, akifuta vidole. "Zamani nilikuwa naogopa."

Jumamosi, 12 Agosti

Leo wamesafisha makaburi, kama ilivyo desturi siku moja kabla. Nililima nyasi pembeni mwa kaburi la Odessa na la wazazi wake. Mchana tuliipeleka mashine kwenye gari la Lucius, tumeifunga kamba kama mgonjwa, tukaisimamisha barazani pa ukumbi wa kanisa. Tumetia chupa zote. Imeunguruma. Tumeiacha.

Jumapili, 13 Agosti

Jumapili ya Kurudi.

Magari yalianza kuingia saa tatu asubuhi, namba za Michigan, Illinois, Ohio. Mtu wa kwanza kushuka alikuwa mzee wa umri wangu, mwenye suti ya rangi ya krimu, na hakwenda mlangoni pa kanisa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine, akasimama ubavuni, akavua kofia. Kisha akauliza nani amebadilisha mwandiko.

"Mwenyewe," nilisema.

"Hosea alikufa miaka ishirini iliyopita."

"Muulize Bi Ozella."

Akaenda kumwuliza. Niliona kutoka mbali mkono wake ukienda kinywani, na Bi Ozella akicheka. Kufikia ibada kuanza habari ilikuwa imefika kila kiti.

Mimi sikuingia ibadani. Nilibaki barazani na Lucius, ambaye alisema Mungu atamwelewa. Saa tano na nusu mashine ilinyamaza.

Hakuna sauti mbaya kama jokofu linalonyamaza. Lucius alikimbilia jikoni, nami nyuma yake. Katika kila tundu la umeme la ukumbi ule kulikuwa na chungu cha umeme kilichochomekwa: maharage, kuku na andazi, makaroni, mboga za majani, vyungu kumi na saba, kila kimoja na jina la mwenyewe kwenye kipande cha plasta. Fyuzi ilikuwa imeruka. Lucius aliirudisha. Ikaruka tena.

"Kimoja kichomolewe," nilisema. "Viwili."

Wanawake watano waliokuwa jikoni walitazamana. Kila mmoja akasema anaweza kuchomoa chake. Kila mmoja akamwambia mwenzake, la, mpenzi, chako ndicho kinachohitaji moto. Hakuna mkono ulioondoka kiunoni. Nje chupa zilikuwa zinapata joto, ndani ya kanisa wimbo wa mwisho ulikuwa umeanza, na nilijua kwa hakika kwamba adabu hii ingeendelea mpaka soda ichemke.

Kwenye kona kulikuwa na chungu chenye plasta iliyoandikwa SHAM. Ni cha Vernell. Kila mwaka hunipikia mboga peke yangu kwa shingo ya bata mzinga, kwa sababu zile nyingine zote zina nguruwe. Nilikichomoa. Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya katika nchi yoyote. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu:

"Bi Cleotha, makaroni yako yameiva tangu jana. Chomoa."

Bi Cleotha ana miaka sabini na tisa na ni mkuu wa kamati ya chakula.

"Mista Sham," alisema, "umekaa hapa mpaka umekosa adabu kama ndugu yangu wa kuzaliwa."

Akachomoa. Lucius akarudisha fyuzi, na mashine ikaguna, ikaendelea.

Saa saba mchana walimleta. Walimwachia nafasi, watu mia moja na zaidi kwenye nyasi. Bi Ozella alitoa senti zake kwenye kitambaa, akazitia, tukazisikia zikishuka. Alifungua mlango wa kioo. Mkono wake ulitetemeka hewani ukatafuta shingo ya chupa, ukaikosa, ukaipata. Akavuta. Haikuja. Akavuta tena, kwa hasira kidogo, na makucha yakaachia, na chupa ikatoka na umande wote juu yake.

Alikunywa robo yake bila kupumua.

"Ni baridi," alisema. Basi. Watu wakaanza kupanga foleni.

Baadaye, chini ya kivuli cha ukumbi, aliniita nikakae karibu naye. Alikuwa bado ameshika chupa tupu.

"Wewe unayajua haya mambo. Houston kukoje?"

"Sijawahi kufika Houston."

"Si Houston. Kwingine. Kukoje?"

Nilifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu aliuliza kweli. Nilimwambia siku ya kwanza achague kiti chake mwenyewe, wasimchagulie. Nilimwambia apike kitu kimoja wiki ya kwanza, hata kama ni kibaya, ili nyumba ijue harufu yake. Nilimwambia asihesabu miaka, mimi nimehesabu na haikunipunguzia hata mmoja.

"Na watu hurudi?" akauliza.

"Hurudi Jumapili ya pili ya Agosti, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanitazama vizuri.

"Na wewe? Vernell anasema una chumba unajengewa."

Kabla sijamjibu mtu alinipigia kelele nikahamishe meza.

Saa kumi mvua ilikuja na magari yakaanza kuondoka. Nilisimama barazani nikiwatazama wakiagana. Kila anayeondoka aliulizwa swali moja, utarudi mwakani? Mzee wa suti ya krimu aliulizwa na watu tisa, nilihesabu. Mimi nilipita katikati yao nikiwa na viti vya kukunja kila mkono na hakuna aliyeniuliza. Mimi niliambiwa, Sham, funguo za stoo unazo? Sham, hayo maji yamwage nyuma. Niliosha sufuria mpaka saa kumi na mbili pamoja na Lucius na Bi Cleotha, ambaye alinipa taulo lililolowa na kusema nisidhani amesahau makaroni.

Jumanne, 15 Agosti

Delmar alikuja saa tatu. Bi Ozella aliondoka kwenye kiti cha mbele, ambacho alikichagua mwenyewe, na mwanawe alipojaribu kumfunga mkanda alimpiga kofi mkononi. Vernell alilia, akasema ni chavua ya maua iliyomwingia machoni.

Kanisa limeomba mashine ibaki barazani. Jumamosi nitaijaza.

Mchana nilimpigia simu Khatib kabla hajanipigia. Nilimwuliza hali ya watoto, ya mguu wake, ya mvua. Kisha nikamwambia chumba ampe mpwa wetu Mwanahawa na mumewe, ambao wana watoto watatu na hawana mahali.

"Kaka, na wewe utalala wapi?"

Nilimwambia nitakuja kumwona, mwakani au mwaka utakaofuata, mwezi mmoja, kama mgeni, na anilaze sebuleni.

Kisha akasema, kwa upole, "Ungeniambia kabla ya dirisha."

Nilipaswa. Nilimwomba radhi, na alinisamehe, na tukazungumza saa nzima juu ya mambo mengine. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya tarehe tatu Juni ijayo: sitarudi.